Kumtafuta Pauline

Kitengela, 10 Februari 2025

Kwa Waruguru, mama yangu,

Nianze kwa kukujulisha kwamba kama si mimi, hii Kitengela haingekuwa na mtoto hata mmoja aliye salama. Tangu ofisi yenu ya watoto iniandikishe kuwa mtu wa kujitolea wa kulinda watoto, chifu mwenyewe akitaka kukohoa ananiangalia kwanza. Juzi mwanaume fulani alikuwa anampiga mtoto karibu na stage. Aliniona nikivuka barabara tu, kiboko ikamtoka mkononi. Sikusema neno. Njogu maana yake ni ndovu, na ndovu hana haja ya kupiga kelele.

Nakuita mama, maitu kwa Kikuyu chetu, kwa sababu umebeba jina la mama yangu, si kwa sababu umenizidi, kwa hivyo usijione. Na sijasahau ulivyoniambia: nisipige simu kwa sababu simu zangu hazina mwisho, niandike, na barua moja iwe na jambo moja. Sawa. Hii ameibeba Nick, yule dereva wa gari la mkate anayekuja huko Kajiado kila asubuhi.

Jambo lenyewe ni makao ya watoto ya Madam Rachel. Mlisema watoto warudi kwa jamaa zao na ile nyumba ibaki chekechea ya mchana. Hiyo sijaielewa vizuri, nitasema ukweli. Mimi nimeokoa watoto nikawapeleka pale kwa mikono yangu hii, wakalala kwa kitanda, wakakula wali. Sasa tunawatoa tena? Lakini siku hizi mimi ni mtu wa ofisi, nimetii. Wote wamepata watu wao, amebaki mmoja. Anaitwa Naila, wa miaka kama minane, Mmaasai. Mama yake alikuwa amepanga chumba huku akiuza shanga, akashikwa na ugonjwa, akafia hospitali, miaka mitatu sasa. Majirani wakamleta mtoto kwa Madam Rachel. Hakuna aliyejua kwao ni wapi. Alipoulizwa alikuwa anakaa na nani kabla ya kuja mjini, faili inasema alijibu: Pauline.

Usihangaike. Huyo Pauline namjua. Yuko Illasit, ana hoteli karibu na pale wanapakia nyanya, mwanamke mnene, mkarimu, mimi nikiingia hapo anafukuza wateja wengine nipate kiti. Aliniambia kwa mdomo wake ana mtoto wa dada aliyepotelea mjini. Nendeni mkamwambie ni Njogu amewatuma, atalia kwa furaha.

Wako,
S. K. Njogu
Mkurugenzi wa Watoto, Kitengela na Viunga Vyake


Kajiado, 13 Februari 2025

Anko Njogu,

Barua imefika, inanukia mkate.

Cheo unachoandika chini ya jina lako hakipo. Usikiandike kwa barua inayoingia ofisini kwetu, mkubwa wangu Oyoo aliiona akaniuliza kama ameletewa bosi mpya.

Umeuliza kwa nini tunawatoa watoto uliowaokoa. Nitakujibu bila kuzunguka. Kwa miaka mingi kazi yetu ilikuwa kumchukua mtoto, kumweka mahali penye geti, kuandika "ameokolewa" na kufunga faili. Hata mimi nimefanya hivyo. Mtoto anakula wali, ndiyo. Kisha anafika miaka kumi na minane, anafunguliwa geti, na hana mtu hata mmoja wa kumwambia ameoa au ameolewa. Siku hizi sheria inataka tuanze na jamaa: mjomba, shangazi, nyanya, yeyote anayemtaka na anayeweza kumtunza. Makao ni mlango wa mwisho. Kwa hivyo, tafadhali, lile neno kuokoa liweke kando kidogo.

Kesi ya Naila inasikizwa katikati ya Aprili. Baada ya hapo Madam Rachel hana ruhusa ya kulaza mtoto pale. Tusipokuwa na jamaa, mahakama itabidi impeleke makao mengine, na yaliyo na nafasi yako kaunti ya mbali. Akishafika huko, nani atamtafutia watu wake huku?

Kwa hivyo niambie: una uhakika na huyo Pauline? Gari tunalo moja na tunagawana. Na hili ni jambo la pili kwa barua moja, nisamehe: usimwambie mtoto chochote. Mtoto akishaambiwa, ameambiwa.

Waruguru


Kajiado, 4 Machi 2025

Anko,

Tumeenda Illasit na tumerudi.

Hoteli ipo. Mwenyewe anaitwa Pauline, hapo hukudanganya. Ni Mkamba wa Emali. Hana dada. Wewe hakukukumbuka mpaka nilipomweleza umbo lako, kisha akasema, "Ah, yule mzee wa hadithi, alikula chapati akasema anaenda kuchukua pesa kwa gari." Sikumuuliza zaidi.

Hayo ningeyameza. Kinachonitia uchungu ni kwamba nilipofika ofisini nilikuta Madam Rachel amenipigia simu mara kadhaa. Naila amefunga nguo zake kwenye mfuko wa karatasi na kila akitoka shule anakaa getini. Akiitwa ndani kula anasema anaweza kukosa gari. Akiulizwa gari gani, anasema, "Ya Mzee Njogu."

Ulimwambia. Nilikuomba kitu kimoja.

Sina neno la kukutukana, wewe ni ndugu ya mama yangu. Lakini usinitumie hadithi tena. Nitumie ulichokiona na ulichokisikia. Kama hujui, andika hujui.

Waruguru


Kitengela, 12 Machi 2025

Maitu,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama. Nikakaa, nikaisoma tena.

Mambo ya chapati ni propaganda ya Pauline. Tuachane nayo.

Nilienda kwa Madam Rachel. Nilimkuta mtoto getini kama ulivyosema, mfuko kwa mapaja. Nikavuta jiwe nikakaa. Nikamwambia gari haikuja kwa sababu Pauline wa Illasit si Pauline wake, na kosa ni ya huyo Pauline. Akaniangalia. Akasema, "Mimi sina Pauline."

Nikamwambia imeandikwa kwa faili. Akasema, "Meno yalikuwa yametoka." Sikuelewa. Akanionyesha hapa mbele na kidole. "Nilikuwa mdogo, meno yalikuwa yametoka, nikasema Pakine, wakaandika Pauline. Nikawaambia si hivyo. Wakasema nisibishane na watu wakubwa."

Nikamuuliza Pakine ni nani. Akasema ni Pakine tu. Ni mwanaume. Kwao kuna soko ya mbuzi na lori nyingi za kwenda Namanga.

Sasa wewe unajua Kimaasai nakiongea kama mtu aliyezaliwa ndani ya zizi. Soko ya mbuzi, barabara ya Namanga, hiyo ni Bisil, hata mtoto wa nasari anajua. Siku ya soko nikaenda. Nikasimama katikati ya watu na wanyama, nikaita kwa sauti, "Pakine!"

Waruguru, wanaume waligeuka nusu ya soko.

Mmoja akanijia, akanikagua kutoka kofia mpaka viatu, akasema, "Iko wapi?"

"Nini iko wapi?"

"Mbuzi. Umeniita Pakine. Nangoja."

Wengine wakajipanga nyuma yake. "Na mimi pia, mzee." "Yangu iwe jike." "Huyu analeta lori nzima, mwacheni apumue." Nikawaambia namtafuta mtu mmoja anaitwa Pakine. Wakacheka mpaka mbuzi za watu zikakata kamba.

Kuna mama anauza ugoro pale, Nalangu, ndiye alinivuta kando. Akaniambia, "Hiyo si jina ya mtu. Ukinipa mbuzi, mimi siwezi kukuita jina lako tena. Nitakuita Pakine, na wewe utaniita Pakine, mpaka tuzeeke. Ukinipa kondoo tunaitana Paker. Sasa wewe umeita soko mzima rafiki wa mbuzi na hujaleta hata mkia."

Hiyo mambo nilikuwa naijua. Nilitaka tu kuona kama wao wanaijua.

Maana yake ni hii: kuna mwanaume alimpa yule mtoto mbuzi, wakawa wanaitana Pakine, na jina lake la kuzaliwa mtoto hajawahi kulitumia. Nikaanza kuuliza nani aliwahi kumpa msichana mbuzi, ambaye ana shamba upande huu. Hapo wakanyamaza wote. Mmoja baada ya mwingine wakakumbuka wako na kazi. Sijui ni kwa nini.

Umesema kama sijui niandike sijui. Nimeandika.

Njogu


Kajiado, 15 Machi 2025

Anko Njogu,

Asante kwa barua. Nimeisoma mara nyingi.

Nianze na sisi. Faili ya Naila imepita mikononi mwa watu wengi, na mimi nikiwa mmoja wao. Kila mmoja alisoma "Pauline", akanakili "Pauline", akamtafuta Pauline. Nina wenzangu hapa ofisini ambao ni Wamaasai wa kuzaliwa. Wangemsikia mtoto akilitamka lile neno mara moja, kazi ingekwisha kabla ya chai. Tulisoma faili, hatukumuuliza mtoto. Nimeliandika hilo kwa ripoti, na jina langu liko chini yake.

Sasa wewe. Unasema hujui kwa nini watu walinyamaza. Mimi najua, kwa sababu naibu wa chifu wa upande ule alinipigia kesho yake. Alisema kuna broka wa ploti wa Kitengela anazunguka soko akiuliza wenye mashamba, na siku hizi anatumia jina la mtoto. Anko, wewe umeuza ploti huko miaka mingapi? Ulitegemea waone nini walipokuona?

Usirudi Bisil. Leo nimeenda Kitengela na mwenzangu Whitney, yeye anaongea Kimaasai. Naila amekisahau karibu chote, lakini alipoulizwa, "Alikupa mbuzi gani?" hakufikiria. Alisema ni jike, nyeupe yote, kichwa cheusi, sikio moja limechanika kwa sababu lilinaswa kwenye seng'enge ikiwa ndogo. Na kwamba ilikuwa inalala karibu na mlango kwa sababu inaogopa radi.

Fanya hivi. Andika barua ya wazi, iache kwenye duka la Mulwa pale Bisil, kila mtu hupita hapo. Mulwa asome kwa yeyote anayetaka kusikiliza. Sema unamtafuta nani na kwa nini. Usibuni sura ya huyo mtu, usitaje shamba, usitaje cheo. Taja mbuzi.

Waruguru


Kitengela, 18 Machi 2025

Kwa yule aliyempa msichana mbuzi,

Hamjambo nyote mnaosomewa. Mimi ni Njogu, yule mliyemcheka sokoni. Wengi wenu mnanijua kwa ploti, na sitasema uongo, nimewahi kupita huko na kamba ya kupimia. Hii barua si ya shamba.

Kuna mtoto Kitengela, msichana, mama yake alikuwa anauza shanga akafariki. Kuna mtu alimpa mbuzi jike, nyeupe, kichwa nyeusi, sikio imechanika na seng'enge, inaogopa radi. Mtoto anamwita huyo mtu Pakine na hajui jina lingine. Asipopatikana kabla ya katikati ya mwezi wa nne, atapelekwa mbali kwa watu wasiomjua.

Kama ni wewe, mpigie Waruguru, namba ameandika Mulwa ukutani. Kama hutaki kupiga, andika. Mimi sitakuja mpaka uniite. Ningeweza kuja, watu wa Namanga mpaka Arusha wananifungulia mlango, lakini nimekatazwa.

Njogu


Bisil, 27 Machi 2025

Kwa Njogu, broka,

Ninaitwa Saning'o. Anayeandika ni mwalimu wa shule ya hapa, mimi nasema.

Wewe nakujua. Ulikuja kwa jirani yangu na kamba, na ulipoondoka shamba lilikuwa fupi. Siku ile uliita sokoni nilikuwa nyuma yako, nimeshika beberu. Niligeuka kama wengine. Nilipokusikia unauliza msichana na shamba kwa mdomo mmoja, nikasema huyu ameleta ujanja mpya, nikaenda nyumbani. Nilikuwa karibu na wewe hivi, ningekugusa na fimbo.

Sasa Mulwa amenisomea habari ya sikio. Hiyo sikio hakuna broka anaweza kubuni. Ni mimi nilitoa seng'enge na mkono wangu.

Mtoto anaitwa Nailantei. Mama yake ni dada yangu, tumenyonya ziwa moja. Dada yangu alipoacha kushika simu nilishuka Kitengela. Sikujua alikuwa amepanga wapi. Niliuliza kwa wauza shanga, wakaniambia aliugua, mtoto alibebwa na watu wa makao. Nikaanza kuuliza kwa mageti. Kwa geti moja ya bluu askari akanisikiliza vizuri, akaingia ndani, akarudi akasema hakuna Nailantei, kuna Naila Pauline, na huyo jamaa yake ni mama fulani anaitwa Pauline. Nikamshukuru nikarudi. Nikafikiri labda baba yake alikuja akamchukua.

Unipe jibu, geti ya huyo Madam ni ya bluu?

Ile mbuzi ilizaa. Watoto wake nao wamezaa. Ukame ulipokuja nilipoteza zangu karibu zote. Zake nilizifuata mpaka mpakani na nikarudi nazo. Watu waliniambia uza moja ununue unga. Nitauzaje? Si zangu. Mtu akiniuliza hizi ni za nani, nasema ni za Pakine.

Niambie kama anakula vizuri, na kama bado anasikia Kimaasai. Nimempigia huyo binti Waruguru. Unaweza kuja pia. Kamba uiache nyumbani.

Saning'o


Kitengela, 30 Machi 2025

Maitu,

Nimekutumia barua ya Saning'o pamoja na hii. Soma yake kwanza.

Geti ni ya bluu. Nimeenda kuiangalia tena, kama vile inaweza kubadilika rangi. Madam Rachel nilimsomea. Alikuwa anakunja shuka, akaendelea kukunja, akaikunja mpaka ikawa kama kitabu. Akasema, "Mimi sikuwepo siku hiyo. Lakini hata ningekuwepo ningesema hivyo hivyo."

Unajua mimi nikiwa na mtu ameniita broka huwa siwezi kulala kabla sijamjibu. Huyu sijamjibu.

Naila sijamwambia. Nimepita hapo getini, amenisalimia, nikauma ulimi. Nakuomba umwambie haraka wewe ambaye umeruhusiwa, kwa sababu ulimi una mwisho.

Njogu


Kajiado, 25 Aprili 2025

Anko Njogu,

Tangu Jumatano ile ya makabidhiano hatujakaa tukaongea, kwa hivyo nakuandikia vile mambo yalivyoenda ili uwe nayo yote, hata yale hukuwepo.

Tulienda kwa Saning'o mara mbili kabla ya mahakama. Nilimuuliza maswali magumu, kwa sababu kuwa mjomba hakutoshi. Shule iko wapi, nani analala wapi, chakula kikikosekana wanafanya nini. Nilimuuliza kuhusu kukeketa wasichana na kuwaoza mapema. Nilidhani atakasirika. Alisema, "Binti zangu wawili wako sekondari. Usiniulize mimi, kawaulize wao, na mimi nitaenda kule kwa ng'ombe usinione." Tuliwauliza. Tuliridhika. Hata hivyo mtu wetu atakuwa akienda kila mwezi, na Saning'o amekubali, alichotaka kujua ni kama huyo mtu anakunywa maziwa.

Siku ya kwanza alipokuja kumwona mtoto kwa Madam Rachel, tuliwaacha wakutane uani. Hawakukimbiliana. Naila alitembea mpaka mbele yake akasimama, akainamisha kichwa. Saning'o akaweka kiganja juu ya utosi wake. Akasema, "Pakine." Mtoto akasema, "Pakine." Basi.

Madam Rachel alikuwa kando yangu. Aliniambia, "Miaka hii yote akiona mtu mzima anainamisha kichwa hivyo. Tulidhani ni haya. Tulikuwa tunamwambia inua uso, toa mkono, salimia kama watoto wengine." Nilimwambia wengi wetu tumefanya mambo kama hayo. Alisema hiyo haimsaidii. Ameomba tuwafundishe wafanyakazi wake kabla chekechea haijafunguliwa, na nitawafundisha.

Hakimu alitoa idhini bila kelele. Alimuuliza mtoto anataka nini. Naila alisema anataka kujua kama ile mbuzi ya kichwa cheusi bado iko. Saning'o akainua mkono kama mwanafunzi, akasema, "Iko. Imezeeka, lakini iko."

Sasa nifike kwako. Sikutegemea ulichofanya siku ya kumkabidhi. Nilikuwa kwenye gari la nyuma na chifu, nikaona yote. Mtoto alikuwa ameshuka. Wewe ukashuka baada yake, na mbele ya Saning'o na wazee wote ukapiga magoti kwenye vumbi, ukainua mkono mmoja juu, kama mtu anayeomba baraka. Mmoja wa wazee hao aliniambia baadaye kwamba hajawahi kuona mtu wa ploti akishuka chini namna ile, na kwamba sasa unaweza kunywa chai kwake.

Anko, mimi nimekabidhi watoto wengi. Tunasaini, tunapiga picha, tunaondoka, mtoto amesimama katikati ya watu wazima kama mzigo ulioshushwa. Mtu anapopiga magoti anakuwa kimo kimoja na mtoto, na jamaa wanaona kwamba hatuwapi msaada, tunawarudishia kilicho chao. Nimeiandika kwa mafunzo ya watu wa kujitolea wapya, na Oyoo ameipenda. Mwezi ujao tuna darasa hapa Kajiado. Nataka uje uwaonyeshe ulivyofanya.

Mama anakusalimia. Nilipomwambia, alisema, "Ni Njogu huyo huyo?"

Waruguru


Kitengela, 29 Aprili 2025

Maitu,

Nitakuja. Niwekee kiti cha mbele na maji ya chupa, si ya mtungi. Hata chifu wa hapa ameshasikia habari, amenipigia saluti mbele ya duka la nyama, na mwenye nyama amesema mtu kama mimi hastahili kupanga foleni. Mwambie mama yako ni Njogu huyo huyo, aulize Bisil yote.

Hiyo somo mfundishe hivyo hivyo ulivyoiandika. Ni nzuri. Mtoto asikabidhiwe kama gunia la makaa, nakubaliana na wewe, na mimi nikiwa mbele ya darasa nitapiga magoti mara kumi kama mnataka.

Lakini wewe uko na jina la mama yangu, na kuna kitu lazima ukijue, ubaki nacho.

Usiku wa kuamkia Jumatano mtoto hakulala. Madam Rachel ndiye aliniambia. Tulipotoka Kitengela, hata Isinya hatujafika, usingizi ukamchukua, akaweka kichwa kwa paja langu la kushoto. Nilisema nitamsogeza tukifika Kajiado. Tukafika Kajiado, nikamwangalia, sikuweza. Nikasema Bisil. Tukapita Bisil, tukashika ile barabara ya mawe, nimekaa kama nimepigiliwa msumari, jasho linanitoka, na Nick, aliyetuendesha siku hiyo, ananiuliza kwa kioo kama niko na malaria. Tulipofika kwa Saning'o mtoto akaamka mwenyewe, akafungua mlango, akaruka chini. Nikatoa mguu wa kulia. Huo ulikuwa mzima. Nikatoa wa kushoto.

Haukuwepo, Waruguru. Ulikuwa umekufa ganzi kutoka kiuno. Nilitafuta ardhi na mguu sikuipata, nikaipata na magoti. Nikaona wazee wameelewa kitu kingine, nikawaacha waelewe. Naila peke yake alikuwa amesimama mahali anaona miguu yangu. Alicheka. Sijawahi kumsikia akicheka mle kwa Madam Rachel, hata kidogo, na alicheka mpaka akashika tumbo, kwa hivyo sikuharakisha kuinuka.

Sikupiga magoti. Nilianguka. Na ule mkono niliouinua, nilikuwa natafuta mlango wa gari.

Njogu